Viola Watatu: Filamu Ipi ya Twelfth Night Utazame na Watu Wako?

Jumamosi moja mwezi jana, tulipokuwa tunakunja lile shuka jeupe tunalotumia kama skrini katika ukumbi mdogo wa Buruburu, Nairobi, mama mmoja alinisimamisha mlangoni. "Mwalimu," akasema, "nasikia ile hadithi ya msichana aliyejigeuza mvulana iko kwenye filamu zaidi ya moja. Nyumbani nina kijana wa gredi ya saba, dada yake yuko kidato cha tatu, halafu kuna shosho wao. Niwawekee gani?" Nilidhani nitamjibu kwa sentensi moja. Tulisimama pale robo saa, matatu mbili za kwao zikapita, na bado sikuwa nimemaliza.

Swali lake ni la wengi. Walezi wa vikundi vya drama huniuliza, wanafunzi wa fasihi huniuliza, na hata watu wanaotaka tu kucheka Jumapili jioni. Nimezitazama zote tatu mara nyingi, peke yangu na pia ukumbi ukiwa umejaa, na kila moja naipenda kwa sababu yake. Nitakueleza kila moja inakupa nini na inakudai nini, kisha uchague mwenyewe.

Hadithi yenyewe, kwa asiyeijua

Twelfth Night ni tamthilia ya kuchekesha ya William Shakespeare. Viola na Sebastian ni mapacha, wa kike na wa kiume. Meli yao inavunjika na kila mmoja anaamini mwenzake amekufa maji. Viola anatupwa ufuoni katika nchi iitwayo Illyria. Hana ndugu wala mlinzi. Anavaa nguo za kiume, anajiita Cesario, anapata kazi kwa mtawala wa huko, Orsino. Orsino anamtaka Olivia, mwanamke tajiri aliye katika matanga ya kaka yake, na anamtuma Cesario awe mshenga wake. Hapo mambo yanajifunga: Olivia anampenda mshenga, mshenga anampenda aliyemtuma, na aliyemtuma hajui kwamba kijana anayemweleza siri zake zote ni msichana. Kisha Sebastian anatokea akiwa hai, sura ileile, nguo zilezile, na mji mzima unaanza kuwachanganya.

Chini ya mkasa huo kuna mwingine. Nyumba ya Olivia ina msimamizi, Malvolio, mkali na mwenye kujiona. Sir Toby, jamaa wa Olivia anayekunywa usiku kucha, anashirikiana na mtumishi aitwaye Maria kumtegea barua ya uongo, na Malvolio anaamini kwamba bibi yake anampenda. Anavaa soksi za manjano zenye mikanda ya kupishana kama barua ilivyomwagiza, anatabasamu kila anapopita, wanamwita kichaa, wanamfungia gizani.

Onyesho la kwanza tunalolijua kwa maandishi lilifanyika London tarehe 2 Februari 1602, katika ukumbi wa wanasheria wa Middle Temple. Mwanafunzi wa sheria aliyekuwepo, John Manningham, aliliandika katika shajara yake, na alichokisifu ni hila aliyochezewa msimamizi. Zaidi ya miaka mia nne imepita na bado ndicho watu wanachozungumza wakitoka ukumbini mwetu.

Ninavyozipima

Watu huniuliza ipi inachekesha zaidi. Zote zinachekesha. Ninachoangalia mimi ni kicheko kinamwangukia nani, na kama watu walioketi nami wanaweza kukibeba. Kwa hiyo nazipima kwa mambo matano: lugha, namna Viola anavyojigeuza, anavyotendewa Malvolio, mambo ya kuchunga mbele ya watoto na wazee, na muda pamoja na gharama ya kuionyesha.

Ya kwanza ni Twelfth Night ya 1996 iliyoongozwa na Trevor Nunn, Imogen Stubbs akiwa Viola. Ya pili ni She's the Man ya 2006, ya Andy Fickman, Amanda Bynes akiwa Viola. Hii imeihamisha hadithi hadi shule za Marekani na uwanja wa mpira. Ya tatu ni rekodi ya onyesho la mwaka 2012 katika ukumbi wa Globe, London, chini ya Tim Carroll, ambapo waigizaji wote ni wanaume. Wapo watakaosema rekodi ya jukwaani si filamu. Lakini mtu aliyekaa mbele ya skrini akichagua anakuta zote tatu mezani, kwa hiyo nimeiweka.

Lugha

Filamu ya Nunn inatumia maneno ya Shakespeare, yakiwa yamepunguzwa. Kinachosaidia ni kwamba picha hutangulia maneno. Inaanza ndani ya meli, unawaona mapacha wakiwatumbuiza abiria, unaona dhoruba, unaona mikono ikiachana majini. Mazungumzo yanapoanza kwa dhati, tayari unajua nani amepoteza nani. Waigizaji nao wanasema mistari yao kama watu wanaoongea, si kama watu wanaokariri. Hata hivyo washa maandishi ya chini. Kijana wa kidato cha tatu atafuata vizuri akiyasoma. Asipoyapata, dakika ishirini za kwanza zitamchosha.

She's the Man haina kikwazo hicho. Ni Kiingereza cha vijana wa leo, cha haraka na cha mizaha. Majina yamebaki: shule inaitwa Illyria, cheo cha mtawala kimegeuzwa kuwa jina la kijana, Duke Orsino, na mkahawa mmoja unaitwa Cesario. Kuna jambo moja la lugha ninalolipenda sana humo. Yale maneno mashuhuri kwamba wengine huzaliwa na ukuu, wengine huufikia na wengine hutwikwa, katika tamthilia yamo ndani ya barua ya kumdanganya Malvolio. Katika filamu vijana wanatiana moyo nayo kwa ajili ya mechi. Mtego umegeuka kuwa baraka, na mwanafunzi anayeijua tamthilia atafurahi kuligundua mwenyewe.

Ya Globe ndiyo nzito kimaneno, kwa sababu sehemu kubwa ya tamthilia imeachwa kama ilivyo na inasemwa kwa kasi. Lakini usikimbie. Waigizaji wanacheza na watu waliosimama uwanjani karibu yao, na mzaha mwingi unafika kwa shingo, kwa mkono, kwa kunyamaza. Hilo tunalijua sisi. Mwezi Aprili mwaka huohuo wa 2012, jukwaa hilohilo la Globe lilipokea kikundi kutoka Nairobi kilichoigiza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa. Skrini za pembeni zilitoa muhtasari tu wa kila onyesho, hazikutafsiri kila neno. Asiyejua Kiswahili alifuata kwa macho. Nasi tunaweza kufuata Kiingereza cha 1601 kwa namna hiyohiyo.

Viola anavyojigeuza

Waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, wanamkumbuka Portia aliyevaa joho la mwanasheria akaingia mahakamani. Mwandishi ni yuleyule, na ujanja ni uleule wa mwanamke kupewa masikio kwa sababu ya nguo. Tofauti ni kwamba Portia anaingia na kutoka. Viola anakwama ndani ya nguo zake hadithi nzima.

Nunn anakuonyesha kazi ya kujigeuza kipande kwa kipande. Mkasi unapita kwenye nywele. Kitambaa kinazungushwa kifuani na kuvutwa hadi pumzi inakata. Masharubu yanabandikwa, hatua zinafunzwa upya. Unaona kwamba anaumia, na kwamba anajifanya mtu anayemlilia, maana akijitazama kwenye kioo anamwona kaka yake. Baadaye Orsino yuko ndani ya beseni la kuogea, anamwomba kijana wake amsugue mgongo. Viola anasugua huku uso umegeukia pembeni. Ukumbi wetu hucheka sana hapo, kisha hunyamaza, kwa sababu uso wa Stubbs hauchezi.

Kwa She's the Man swali si huzuni, ni haki. Timu ya mpira ya wasichana imefutwa shuleni kwao. Viola anamwomba kocha wa wavulana amjaribu, na anachekwa. Mpenzi wake, ambaye ni golikipa, anamgeuka mbele ya wenzake. Pacha wake Sebastian ametorokea London na bendi yake kwa wiki mbili, kwa hiyo anachukua nafasi yake Illyria, na lengo ni moja tu: awafunge wale waliomcheka. Wigi lake halimdanganyi mtu, na sauti anayoigiza inaniacha nikijiuliza mtu anayelala naye chumba kimoja anawezaje kuikubali. Lakini sababu yake ni ya kweli kuliko ya wengi. Tulipoionyesha, alikuja binti mmoja winga wa timu ya mtaa, moja kwa moja kutoka mazoezini, buti zake amezining'iniza shingoni kwa kamba. Kocha alipoanza kucheka, binti yule alizivua buti shingoni, akazipakata, akazishika hivyo hadi mwisho. Hakusema kitu. Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, walifika Kombe la Afrika la wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na wasichana wengi wa rika lake walikua wakiambiwa kwamba uwanja ni wa wavulana, wao wasubiri. Filamu hii inawaongelea hao moja kwa moja.

Dokezo kwa kina baba wanaofuata mpira wa Uingereza: kocha wa Illyria ni Vinnie Jones, yule wa Wimbledon iliyoishinda Liverpool fainali ya Kombe la FA mwaka 1988.

Globe wanarudisha mchezo mahali ulipoanzia. Zama za Shakespeare, wanawake hawakuruhusiwa kuigiza kwenye majukwaa ya umma ya Uingereza, na wavulana ndio waliochukua nafasi za kike. Kwa hiyo Viola wa kwanza alikuwa mvulana anayeigiza msichana anayejifanya mvulana. Johnny Flynn, Viola wa Globe, anafanya hivyohivyo. Yeye na Samuel Barnett, ambaye ni Sebastian, wamepakwa uso mweupe na kuvishwa sawasawa, hata mimi ninayewajua kuna mahali nilikosea. Katika zile nyingine mbili unajua nani ni nani na unawacheka wasiojua. Hapa nawe unachanganyikiwa pamoja nao.

Lakini kilele cha onyesho hili ni Olivia wa Mark Rylance. Tumezoea mwanamume anayejifunga leso, akavaa wigi, akabana sauti ili tumcheke mama. Rylance hafanyi hivyo. Anateleza jukwaani kana kwamba chini ya gauni kuna magurudumu, mgongo umenyooka, mikono imetulia, mwanamke aliyejifungia ndani ya msiba wake. Anapoanza kumpenda mshenga, utulivu ule unapasuka kidogo kidogo: anababaika, anakwama katikati ya neno. Unamcheka kwa sababu umewahi kuwa hivyo. Onyesho lilipohamia New York alipata tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya jukwaani ya Marekani, kwa nafasi hiyo. Kila kijana wa drama anayetaka kuigiza jinsia isiyo yake amtazame yeye kwanza kabla hajatafuta wigi.

Malvolio, na hapa ndipo ninapokaa zaidi

Ukitaka kumwelewa Malvolio ukiwa Nairobi, mfikirie keateka wa ploti. Saa sita usiku anagonga mlango, anasema punguzeni sauti, watu wanalala. Si mtu wa kupendwa. Anatumwa na mwenye nyumba, na wakati mwingine anaufurahia uwezo huo mdogo aliopewa. Sir Toby na wenzake ni wapangaji wanaoimba usiku. Nao wanaamua kumkomesha.

Katika filamu ya Nunn, Malvolio ni Nigel Hawthorne. Mwanzoni unamchukia kwa raha. Anakagua nyumba kama jenerali, anawakemea watu kwa nyusi tu. Anapoisoma ile barua bustanini unamcheka hadi machozi. Kisha anafungiwa gizani, na Feste mchekeshaji, ambaye hapa ni Ben Kingsley, anamjia akijifanya kasisi kumtesa zaidi. Kicheko kinakauka. Anapotoka mbele ya watu wote na kuahidi kuwalipiza kisasi kundi zima, hakuna anayejua atazame wapi.

Siku tuliyoionyesha, tulipoizima taa ya projekta, mzee mmoja wa nyuma aliendelea kukaa. Ni keateka wa ploti moja ya jirani. Akasema, "Huyu hakuibia mtu. Alifanya kazi yake." Akatusimulia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kufungiwa na vijana ndani ya chumba cha mita za stima usiku wa mkesha wa mwaka mpya, kwa sababu aliwaomba wazime spika. Walicheka nje ya mlango mpaka wakachoka, wakaenda, wakamsahau humo. Mwenye duka la chini ndiye aliyemfungulia asubuhi. Vijana wa kikundi chetu walimsikiliza kimya. Wiki iliyofuata, yule aliyekuwa akiigiza Sir Toby katika mazoezi yetu alibadilisha namna yake ya kucheka, na sikuwa nimemwambia kitu.

She's the Man imeukwepa mkasa huu karibu wote. Malvolio ni buibui mkubwa wa kufugwa, buibui wa miguu minane, si lile vazi. Anayemfuga ni Malcolm, mwanafunzi anayemmezea mate Olivia na kumpeleleza Viola. Malcolm anaaibika kidogo, lakini hakuna anayevunjwa moyo. Kama unatafuta jioni ambayo kila mtu atalala vizuri, hilo ni jambo jema. Mimi hukosa kitu hapo, kwa sababu bila Malvolio hadithi inakuwa na watu wanaokosewa tu, bila mtu anayekosewa huku sisi watazamaji tukishangilia. Filamu nayo ilikuwa na jambo lake la kusema, la wasichana na uwanja, na imelisema.

Katika Globe, Stephen Fry anampa Malvolio upole usioutarajia. Si mkali kama wa Hawthorne. Ana heshima zake, ana sauti nzuri, anaamini kweli kwamba utaratibu ni fadhila. Kwa sababu hiyo kuanguka kwake hakukuchomi vilevile, kunakusikitisha taratibu. Na kwa kuwa onyesho linamalizikia kwa wimbo na ngoma, unapewa namna ya kutoka. Filamu ya Nunn haikupi hiyo: wapenzi wanacheza dansi ndani, na wale waliobaki bila mtu wanaondoka na mizigo yao.

Ya kuchunga mbele ya watoto na wazee

Nitasema wazi, maana mzazi hapendi kushtukizwa. She's the Man inaonekana ya watoto lakini ina mizaha mingi ya mwili. Kuna kisa cha tamponi zinazogunduliwa ndani ya buti, kuna busu za kutosha, na mwishoni Sebastian anashusha kaptura mbele ya uwanja mzima kuthibitisha kwamba ni mvulana, kisha Viola naye analazimika kuthibitisha upande wake. Kamera haionyeshi, lakini shosho anaweza kuuliza rimoti iko wapi. Kwa kijana wa miaka kumi na mitatu kwenda juu, mimi sioni shida.

Ya Nunn ina ulevi, busu, na yale ya beseni. Hakuna zaidi ya hapo. Uzito wake ni wa moyo, na mtoto wa miaka kumi ataondoka akiulizia yule mzee wa gizani.

Kwa ya Globe, tangulia kueleza. Sema kabla ya kuwasha kwamba zamani hizo wanawake walikatazwa kupanda jukwaani, ndiyo maana unaona wanaume. Ukilisema mwanzoni, watu wanakaa na kutazama sanaa. Usipolisema, nusu ya muda wa kwanza utakwenda kwa minong'ono.

Muda, bando na mabati

She's the Man ni dakika 105. Ya Nunn ni kama dakika 134. Ya Globe inakaribia saa tatu, kwa hiyo panga mapumziko ya chai katikati. Ukitazama kwa intaneti, ubora wa kawaida hula takriban GB 1 kwa saa na ubora wa juu takriban GB 3, piga hesabu ya bando kabla hujaanza. Rekodi ya Globe hukodishwa au kununuliwa kwenye huduma yao wenyewe ya video, na utahitaji kadi.

Sauti ni jambo jingine. Rekodi ya jukwaani inataka spika nzuri na utulivu. Tuliijaribu mwezi Aprili chini ya mabati, mvua ikaja, tukapoteza onyesho zima la pete ambayo Olivia anampelekea Cesario. She's the Man inastahimili kelele, hata watu wakila njugu na kuingia na kutoka. Ya Nunn iko katikati, lakini ina picha za jioni na vyumba vya giza, kwa hiyo funga mapazia au usubiri saa moja usiku.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na vijana wasiojua chochote kuhusu tamthilia hii na hutaki waiogope, anza na She's the Man. Ukiwa mlezi wa timu ya wasichana, usitafute nyingine. Waambie baada ya filamu kwamba mzizi wake ni wa mwaka 1601 hivi, uone watakavyokutazama.

Ukiwa na wanafunzi wa fasihi, au watu wazima wawili watatu wanaopenda hadithi inayobaki kifuani baada ya taa kuwashwa, chukua ya Nunn. Kama katika kikundi chako kuna mtu anayedhihakiwa na wenzake, itazame kwanza peke yako. Inaweza kumsaidia na inaweza kumuumiza, na wewe ndiwe unayemjua.

Ukiwa unafundisha uigizaji, ya Globe haina mbadala, hata ukionyesha vipande tu. Mimi huonyesha dakika kumi za kwanza za Rylance, nazima, nawaambia vijana watembee. Anayejiandaa kuigiza tamthilia yenyewe kwenye tamasha naye ataona jinsi mwili unavyoshinda mapambo, kwani jukwaa lao ni mbao tupu na viti vichache, kama letu. Ila kwa mtu aliyechoka, anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku kwa matatu mbili, saa tatu za Kiingereza cha zamani ni mzigo. Aiache hadi siku ya mapumziko.

Kuna na wale wenye muda wa mbili. Hapo mpangilio una maana. Ukianza na ya Nunn kisha She's the Man, ya pili itaonekana nyepesi mno na utaidharau bure. Ukianza na She's the Man, unaingia ya Nunn ukiwa tayari unawajua mapacha, Olivia na Orsino, na macho yako yako huru kumfuata mgeni mkuu, yaani Malvolio.

Yule mama nilimshauri hivyo: She's the Man kwanza, kijana na dada yake wakae mbele, na shosho aelezwe mapema kuhusu kaptura. Jumapili usiku alinipigia. Walicheka wote, akasema, na shosho kuliko wote, hasa kocha alipokuwa akipiga kelele. Lakini shosho alikuwa na swali ambalo hakuna aliyeweza kumjibu: mbona buibui amepewa jina zuri la mtu mzima namna ile? Nikamwambia wawashe ya 1996 Jumamosi inayofuata, taa zikiwa zimezimwa, na shosho apewe kiti cha mbele.